Paka akikujia nyumbani, kiroba kiweke chini

Ndugu Mhariri,

Wiki tatu zilizopita, katika ukurasa wako huuhuu wa barua, msomaji mmoja alieleza jinsi paka wa mtaani kwake walivyomchosha, akatushauri dawa mbili: kiroba au sumu. Kiroba maana yake umkamate paka, umtie ndani, ufunge mdomo, ukamtupe mbali. Sumu haihitaji maelezo.

Sikukusudia kumjibu. Mimi ni bwana afya mstaafu, nina miaka 71, na paka si watu wangu. Lakini kidole gumba changu cha mkono wa kulia kina makovu manne madogo, na makovu hayo yametokana na kiroba. Basi naomba nafasi.

Ilikuwa masika, yapata saa mbili usiku, mvua inapiga bati. Mtaa mzima una umeme, sisi tumo gizani: Luku imekwisha. Mjukuu wangu wa darasa la tano akanunua kwa simu, nikatoka barazani kuingiza tarakimu, maana mita yetu ni ya zamani, iko ukutani nje. Wenye mita za hivyo wanaijua kazi yenyewe. Tarakimu 20, tochi mkono mmoja, macho ya uzeeni. Nilikuwa nimefika ya 14 pale kitu kibichi, cha baridi, kilipopita katikati ya miguu yangu. Hesabu ikapotea, nikaanza upya. Kikapita tena.

Nikamulika chini. Paka wa kijivu mwenye mabaka meusi, amelowa chepechepe, mkia umekuwa kama kamba ya katani. Mjukuu wangu akampa jina hapohapo, kabla hata taa hazijawaka: Luku.

Nikamwambia asimguse. Hili nalisema kwa kila mzazi mwenye mtoto mpenda wanyama: usiku wa kwanza paka mgeni aangaliwe tu. Nilikaa kwenye kigoda nikamtazama kama nusu saa. Anatembea wima au anapepesuka? Mate yanamtoka? Ukimwekea maji anakunywa, au koo linamkataa? Sauti yake ni ya paka au imekwaruza? Kichaa cha mbwa kinaitwa cha mbwa kwa sababu mbwa ndiye anayewaambukiza watu walio wengi, lakini paka naye huugua na huambukiza, na meno yake membamba huingia ndani sana kwenye nyama. Na paka wa mtaani anayekufuata kwa upole kupita kiasi si lazima awe mpole. Wanyama wengine kichaa huwafanya wakali, wengine huwafanya wasimwogope mtu.

Luku alikunywa maji, akajilamba, akalala juu ya gunia la mkaa. Hapo nikaona jambo jingine. Shingoni manyoya yalikuwa yamelika kwa mduara mwembamba, unene wa penseli. Ile ni alama ya kamba. Paka huyu alikuwa na mwenyewe.

Asubuhi nikaanza kuuliza. Mji wetu wa Tanga una wepesi wake, barabara za Ngamiani zina namba, hupotei. Nilianzia kwetu Barabara ya 12, nikaenda ya 11, nikarudi ya 13. Muuza bhajia wa kona akaniambia, "Mzee wangu, paka huyo nimemwona jana na juzi, anatokea upande wa sokoni." Msikitini nikaomba litangazwe. Imamu akacheka, akasema kipaza sauti ni cha adhana na watoto waliopotea, ila baada ya isha alilitaja kwa mdomo. Hakujitokeza mtu.

Siku ya tatu mke wangu alikuwa ameparua vibua sita, ameviweka kwenye sinia, akaingia ndani kuchukua chumvi. Alipotoka vilikuwa vinne. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la Luku nililipata nyuma ya mlango: kiroba cha unga, kilo 25, kitupu.

Sasa soma vizuri, Mhariri, maana hapa ndipo ninapojishitaki mwenyewe. Miaka 34 nimewafundisha watu wasimkamate mnyama wasiyemjua kwa mikono mitupu. Nilimkamata kwa mikono mitupu. Nilimshika ukosi, nikamwingiza kirobani kichwa kwanza, na alipoona giza akageuka kama samaki mkunga. Sikuona hata alivyogeuka. Nilichoona ni paka anayening'inia kwenye kidole gumba changu, na kiroba kiko chini.

Nikaenda bombani. Sabuni ya kufulia, maji yanayotiririka, dakika 15 kwa saa. Mjukuu ndiye aliyeshika saa, na alinikataza kutoka dakika ya tisa. Kuosha huko si adabu tu, ni dawa ya kwanza, maana virusi vilivyopo kwenye jeraha hupungua sana kabla havijaifikia mishipa ya fahamu. Wapo wanaopaka mkaa, wapo wanaopaka majivu, wapo wanaokimbilia kufunga kitambaa. Acheni. Sabuni na maji, kisha hospitali siku ileile, hata kama jeraha ni dogo kama kishimo cha sindano. Ugonjwa huu dalili zikishaanza hakuna anayepona, labda mmoja wa kusimuliwa.

Muuguzi aliyenipokea alikuwa binti mdogo. "Shikamoo, mzee. Umeng'atwa na nini?" Nikamwambia. "Paka yuko wapi sasa?"

"Yuko nyumbani. Mke wangu amemfungia stoo."

Akaweka kalamu chini. "Mzee, una bahati. Wanaokuja hapa wengi ukiwauliza, mnyama wameshamuua au wameshamtupa. Nenda kamtunze siku 10. Akifa au akibadilika, uje mbio. Akiwa mzima, utuambie." Akanichoma sindano ya kwanza, akaniandikia tarehe za nyingine.

Elimu ya siku 10 naijua tangu chuoni, lakini nilikuwa sijawahi kuisikia nikiwa mimi ndiye mgonjwa. Paka au mbwa mwenye kichaa hutoa virusi kwenye mate siku chache tu kabla hajaonyesha ugonjwa, na akishauonyesha hakawii kufa. Kwa hiyo akikung'ata leo, na siku ya kumi bado anakula na kunywa kama kawaida, basi mate yake siku ile hayakuwa na kichaa, na daktari anaweza kusitisha sindano zilizobaki. Chanjo huanzwa mara moja, haisubiri siku hizo. Lakini jibu analo yule paka. Kama ningefanikiwa na kiroba changu, paka angekuwa sokoni Mgandini kwenye matumbo ya samaki, na jibu langu lingekuwa hukohuko.

Ndugu yangu uliyeandika barua ile, nataka uione picha hii. Mtu aliyetaka paka apotee ndiye sasa anayeamka saa nane za usiku, ana tochi, anachungulia stoo kuhakikisha kwamba yupo. Nilitia alama kwenye kalenda kila asubuhi. Siku ya nne hakugusa chakula, nami sikugusa changu. Jioni tukagundua kuwa mjukuu alikuwa amempitishia vichwa vya dagaa chini ya mlango.

Mke wangu naye alikuja na la kwake. Akanikumbusha hadithi ya Mtume kuhusu yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka, kwa kuwa alimfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. "Kumfunga umemfunga wewe," akaniambia, "basi mlishe wewe." Ndivyo nilivyojifunza kumlisha paka nikiwa na miaka 71.

Paka hashibi kwa wali, matilaba yake panya, na methali hiyo imebeba sayansi: mwili wa paka unataka nyama au samaki, ugali peke yake humdhoofisha. Tulimpa dagaa waliochemshwa bila chumvi, vichwa vya samaki, utumbo wa kuku uliopikwa, na maji safi. Mabaki ya mchuzi hapana, kwa sababu ya vitunguu. Kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu damu ya paka. Maziwa ya ng'ombe wengi wao huyapenda na wengi huwaharisha. Jirani mmoja, mtu mwema kabisa, aliniletea kikopo cha mafuta ya taa nimpake kwa ajili ya viroboto. Nilimshukuru nikakiweka juu ya kabati. Paka hujilamba mwili mzima, ukimpaka kitu umempa akinywe. Hata dawa za viroboto za mbwa, nyingine humuua paka. Na Panadol msithubutu, hata kipande. Inayokuondolea wewe homa humwondoa yeye duniani.

Siku ya sita, mwenyewe akapatikana. Ni mama wa heshima tu, simtaji hata barabara yake. Alisikia habari za kidole changu, akaja kunipa pole, akamwona. "Kumbe amerudi huyu!" Nikamuuliza amerudi kutoka wapi. "Huyu mzao, mzee. Hajamaliza kunyonyesha ana mimba nyingine. Watoto wake nimegawa mpaka watu wakawa wakiniona wanafunga mlango. Nikamtia kirobani, nikampa kijana wa bodaboda akamwache Mgandini."

Alisema bila kuona haya, nami sikuwa na uso wa kumlaumu. Nikamuuliza kama paka alishapata chanjo. Akanishangaa. "Kwani paka nao huchanjwa?"

Ndugu Mhariri, hapo ndipo penye barua yangu. Kila mara chanjo ya kichaa cha mbwa inapoletwa mitaani, na hasa inapokaribia Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, 28 Septemba, mimi husikia gari la matangazo likipita: leteni mbwa wenu, leteni mbwa wenu. Watu hupeleka mbwa. Mji wetu wa pwani una nyumba nyingi zisizofuga mbwa kabisa, ila paka wamo karibu kila baraza, na hakuna anayemchukua paka wake kwa sababu tangazo halikumtaja. Chanjo ni ileile, sindano ni ileile. Naomba halmashauri zetu ziongeze maneno mawili tu: *na paka*. Kuanzia miezi mitatu, wenye wenyewe na wale wanaolishwa barazani bila mwenyewe.

Na siku hiyohiyo, daktari wa mifugo akiwa amesimama pale na kisanduku chake, awaambie watu habari za kufunga kizazi. Yule mama hakuwa mkatili. Alikuwa na paka jike asiyefungwa kizazi, na hesabu ikamshinda. Paka hubeba mimba miezi miwili na siku chache, huzaa wanne au watano, na anaweza kushika nyingine hali bado ananyonyesha. Binti zake hawangoji mwaka. Wa miezi mitano anaweza kuwa tayari. Kumtupa mzazi sokoni hakukati mzizi huo. Akifika kule anakuta madume, anakuta chakula, na akipenda anarudi, kama huyu alivyorudi, ila safari hii alikosea mlango akaingia kwangu.

Kuhusu sumu nitasema kwa ufupi, ingawa ndiyo niliyoifanyia kazi muda mrefu kuliko yote. Miaka ya themanini nilitumwa milimani Lushoto, upande wa Shume, baada ya tauni kuingia wilaya ile mwaka 1980. (Ndiyo, Shume, jina kama la paka dume wa mitaani. Wenzangu wa Tanga mjini hawakuchoka kunitania.) Kule panya aliyekufa mwenyewe alikuwa habari mbaya kuliko panya mzima, kwa sababu viroboto wake huhamia kwa watu, na paka akimla naye anaweza kuugua na kuuingiza ugonjwa ndani. Tulikuwa tukiwaomba wanakijiji wasimguse, watuite. Kwa hiyo mimi siye mtu wa kusema paka ni dawa ya kila kitu. Lakini sumu niliyoiweka kwa kazi ya serikali nilikuwa naihesabu: vipande nilivyoweka jioni, vipande nilivyokusanya asubuhi, na kimoja kikikosekana kilitafutwa. Wewe unayeweka kipande cha nyama chenye sumu uchochoroni unahesabu nini? Kuku atadonoa, mtoto ataokota, na paka aliyekula ataenda kufia darini kwa jirani au ndani ya kisima. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, inakataza ukatili wa namna hiyo. Na hata ukiwamaliza wote, yale matumbo ya samaki unayoyamwaga mtaroni yatamwita mwingine.

Narudi kwa Luku. Siku ya kumi alikuwa mzima, amenenepa, tena upande wa tumbo kuliko kwingine. Nilikwenda kutoa ripoti, daktari akasitisha sindano. Siku chache baadaye alizaa watatu ndani ya boksi la mafaili yangu ya zamani ya ukaguzi wa vyoo. Mmoja alikufa usiku uleule.

Ikazuka kesi nyingine. Mkwe wangu, mke wa mwanangu wa Pongwe, alikuwa na mimba ya miezi minne. Mama yake akapiga simu kwamba asikanyage kwetu, paka anaharibu mimba. Ukweli upo, ila umekaa mahali pengine. Upo ugonjwa wa vijidudu vinavyotoka kwenye kinyesi cha paka, na vikimwingia mjamzito kwa mara ya kwanza vinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Haviko kwenye manyoya wala kwenye pumzi. Na kinyesi kibichi bado hakiambukizi, huchukua siku moja au zaidi vijidudu vikomae. Kwa hiyo mchanga wa paka husafishwa kila siku, na mtu mwingine, si mjamzito. Anayesafisha ananawa. Mjamzito akilima bustani avae glavu, aoshe mchicha vizuri, na ale nyama iliyoiva, kwa kuwa vijidudu haohao hupatikana pia kwenye mishikaki mibichi ya barabarani, ambayo hakuna mama mkwe aliyewahi kuipigia simu. Mkwe wangu alikuja. Mchanga nilisafisha mimi, asubuhi kabla ya chai. Amejifungua salama, mtoto wa kiume.

Watoto wa paka walipofikisha miezi miwili na kuacha ziwa, nilimpeleka Luku kufungwa kizazi. Nililipa shilingi 60,000, nami nakiri ziliniuma. Yule mama aliyemtupa alisikia, akaleta 20,000 akiwa amezifunga kwenye pindo la khanga, akasema ni za kiroba. Daktari akamkata Luku ncha ya sikio la kushoto akiwa bado amelala kwa ganzi. Ni alama inayotumika nchi nyingi, ili paka akiokotwa na mtu mwingine kesho asije akapasuliwa tena bure. Mke wangu alinuna kwa ajili ya lile sikio wiki nzima, yeye aliyeibiwa vibua viwili.

Watoto wawili wanahitaji kwao. Dume mmoja mweupe mwenye mkia mweusi, na jike mmoja wa kijivu kama mama yake. Wote wawili wamechanjwa. Atakayemchukua jike nitamwandikia kwa karatasi tarehe ya kumpeleka kufungwa kizazi. Anayetaka afike Barabara ya 12, aulize nyumba ya bwana afya. Aje na kikapu chenye kifuniko. Atakayekuja na kiroba nitamwonyesha kidole gumba.

Bwana Afya Mstaafu,
Ngamiani, Tanga.